Kocha Aliyechukua Nafasi ya Baba

"Dada, mimi nimekukosea nini?"

Kocha mpya aliniuliza hivyo pembeni ya uwanja wa Ikwiriri. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa kwa mgomo, nimerudi nyumbani, na kila jioni nilikwenda mazoezini kumtazama kwa jicho baya. Ningemwambia nini? Kwamba kosa lake ni kuzaliwa na yule baba?

Baba yake, mfungaji mabao wa zamani, nchi nzima ilimjua kupitia redio. Kocha mwenyewe alicheza Dar es Salaam misimu michache, goti likaharibika, akageukia ukocha. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi, aliifundisha timu yetu miaka mingi bila jezi, mistari ya uwanja akiichora kwa majivu. Serikali iliporuhusu biashara ya watu binafsi, mnunuzi mmoja wa ufuta akaahidi jezi na viatu, mradi aletwe kocha mwenye jina. Baba akakabidhi filimbi.

Mechi ya kwanza tuliwafunga Kibiti moja bila.

"Mnaona?" muuza kahawa akapiga kelele. "Baba yake alikuwa akifunga huku anasinzia!"

"Kwani leo kafunga baba yake?" nikamjibu.

"We binti, wivu huo! Kaolewe naye, yaishe."

Watu wakacheka. Ulikuwa wivu kweli. Chuoni nilifundishwa kudai ushahidi. Nani alithibitisha kwamba mpira unarithiwa kama shamba la mpunga? Na kama unarithiwa, mbona mimi nilirithi majivu tu?

Nyumbani, tukila wali na kambale, nilikichambua kikosi chake. Beki wa kushoto mzito. Yule kijana wa Nyamisati, fundi wa kati, anachezeshwa pembeni.

"Kocha gani huyu, baba? Hata mtoto angeona."

"Kula, mwanangu. Wali unapoa."

Nilidhani anameza uchungu, nikazidi kumchukia yule mtu kwa niaba yake.

Miaka mingi baadaye, baba ameshafariki, nilikutana na yule beki mzito kituo cha basi Kibiti. Akanieleza jambo ambalo mnunuzi wa ufuta hakuambiwa kamwe. Kila Ijumaa baada ya swala kocha alikwenda shuleni kwa baba, na beki ndiye aliyewafungulia darasa. Kocha aliendesha mazoezi. Kikosi alikipanga baba. Kumweka kijana wa Nyamisati pembeni lilikuwa wazo la baba.