Swali la Nyumba Yenye Karakana

Pale ofisini kwa mawakili walimwita Mwandishi, ingawa hakuna makala hata moja iliyobeba jina lake. Chini ya kila alichoandika kwenye tovuti yao palisomeka "Dawati la Ushauri", msomaji akadhani kuna meza ndefu yenye wataalamu kumi na miwani yao. Kumbe dawati lenyewe lilikuwa meza ndogo nyuma ya kabati la mafaili, mguu mmoja umewekewa karatasi iliyokunjwa ili usicheze, na mtaalamu mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili ambaye hakusomea sheria hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kuvuta watu. Wakili mkuu hakumficha tangu mwanzo. "Siku hizi mtu akipatwa na jambo haendi kwa mjomba wake," alimwambia, "anaiuliza simu. Mimi nataka simu imlete hapa." Basi akaandika. Aliandika jinsi ya kugawana shamba bila kushikana mashati, jinsi ya kumtoa mpangaji mkaidi, jinsi ya kuandika wosia ukiwa mzima wa afya. Wakili mdogo alipitia sheria zilizomo, lakini ladha ilikuwa ya Mwandishi peke yake. Kila makala ilimalizika kwa mstari wa kumwalika msomaji ofisini, na mstari huo ndio wakili mkuu aliousoma kwanza. Mara nyingine hakusoma zaidi ya hapo.

Mada hakuzitoa kichwani. Kwenye tovuti palikuwa na kisanduku kilichoandikwa "Uliza Hapa". Mtu aliandika swali lake bila kujitambulisha, na kila asubuhi Mwandishi alifungua orodha akaona swali, saa lilipoulizwa na mji lilikotoka. Watu watatu wakiuliza jambo moja, hiyo tayari ni makala.

Kazi hii ilimharibu kidogo, tuseme ukweli. Ukishinda unasoma yanayowatoka watu wakidhani hakuna anayewaona, moyo unaota kutu. "Nikimfukuza shangazi nyumbani kwangu anaweza kunishtaki?" "Mke wangu akitangulia, gari linakuwa la nani?" Baada ya miaka sita ya hayo, Mwandishi hakuweza tena kukaa kwenye harusi akacheka kama wenzake. Bwana harusi akimlisha bibi harusi keki, yeye alijiuliza bwana huyo ameandika nini kisandukuni.

Jumanne moja akafungua orodha, akiwa na chai mkononi, akakuta hili:

"Mzazi akianza kusahau, nani anaruhusiwa kusaini kwa niaba yake? Kuna nyumba ya vyumba vinne yenye karakana ya kuchomelea uani. Je, karakana inahesabiwa pamoja na nyumba? Tafadhali nisaidie. Ahsante."

Mji ulikuwa huu huu. Saa, nne na nusu ya asubuhi iliyotangulia.

Machale yakamcheza. Vyumba vinne na karakana uani, hiyo ilikuwa nyumba ya mama yake. Karakana ilikuwa ya mdogo wake, fundi wa kuchomelea, aliyerudi kuishi kwa mama baada ya ndoa yake kuvunjika. Nyumbani walimwita Zipu kwa jinsi alivyofunga mdomo. Maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole, na vidole vingine vikabaki bila kazi.

Na huko kusahau kulianza lini? Mama alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini. Alijua majina ya wanafunzi, ya wazazi wao na ya wazazi wa wazazi wao. Mwandishi akaweka chai mezani. Akaona mchezo wote, au alidhani ameuona: Zipu anataka kumtangaza mama kuwa hana kumbukumbu, asaini yeye, nyumba iuzwe. Ile tafadhali na ile ahsante vilimshangaza kidogo, maana Zipu hata chumvi aliiomba kwa kunyoosha kidole. Akajijibu mwenyewe kwamba mtu mwenye hila lazima awe na adabu.

Kwa kawaida alimtembelea mama Jumapili. Siku ile alitoka kazini akaenda moja kwa moja. Alipofika uani alimkuta Zipu amesimama dirishani na futi ya kupimia, kalamu nyuma ya sikio.

"Unapima nini?"

"Dirisha."

"La nini?"

"Nondo."

"Nondo za nini? Kwani mmeibiwa?"

Zipu alitupia jicho mlango wa jikoni, alikosikika mama akipanga vyombo, akairudisha futi mfukoni. "Basi tu," akasema, akaenda zake karakanani.

Nondo! Mwandishi alicheka kwa pua. Mtu anayetaka kuuza nyumba lazima ajue vipimo vyake. Akaingia jikoni, akamsalimia mama, akakaa, akajifanya anapuliza chai.

"Mama, hivi hati ya nyumba unaiweka wapi siku hizi?"

Mama alikuwa anafuta kikombe. Mkono ukasimama. "Ya nini?"

"Usalama tu, mama. Dunia imebadilika."

"Ipo," mama alisema, akaendelea kufuta kikombe ambacho kilikuwa kimekauka zamani.

Kesho yake akarudi tena, na keshokutwa. Alipita chumba cha Zipu akichungulia, alikagua droo za sebuleni akidai anatafuta uzi. Mama alimuuliza mara mbili kwa nusu saa kama amekula, naye akajiambia hiyo ni hofu, mama anaishi na mtu anayemvizia, lazima achanganyikiwe. Alikuwa na maelezo ya kila kitu. Mtu mwenye shaka hakosi maelezo.

Angeweza kumuuliza mdogo wake uso kwa uso. Lakini aliona kumuuliza ni kumshtua, na mtu akishtuka anaharakisha. Akachagua njia aliyoizoea. Akaandika.

Aliiita "Mwizi wa Nyumba ya Mama Yako Analala Chumba cha Pili". Hakuwahi kuandika kwa hasira namna ile, na vidole vilikwenda vyenyewe. Humo akamwaga kila kitu: mtoto anayezunguka nyumba na futi, mtoto anayeulizia hati, mtoto anayezidisha mapenzi ghafla, mtoto anayesema mama anasahau. Alipoona makala bado fupi, akatia chumvi. Nia yake ilikuwa Zipu aisome. Aliyeuliza kisandukuni lazima atarudi kutafuta jibu, naye alitaka akutane na jibu lenye macho. Mwishoni akaweka mstari ambao wakili mkuu aliusoma mara mbili kwa raha: "Ukiona hata moja ya dalili hizi, usimwambie mtu yeyote wa nyumbani, hata yule mtoto unayempenda kuliko wote. Njoo ofisini kwetu peke yako."

Makala ikapaa. Ndani ya siku tatu ilikuwa imesomwa kuliko makala zote za mwaka ule zikiwekwa pamoja. Watu waliirusha kwenye makundi ya familia, na bila shaka kuna shemeji waliopewa mgongo siku hiyo hiyo. Wakili mkuu alikuja mwenyewe nyuma ya kabati, jambo ambalo halikuwahi kutokea. "Mwandishi," alisema, "hii ndiyo kazi." Mwandishi akatabasamu. Alijisikia mlinzi aliyekesha zamu yake vizuri.

Wiki iliyofuata Zipu akampigia simu. Zipu! Mtu ambaye hata msiba aliutangaza kwa ujumbe wa maneno mawili.

"Dada, mama hali chakula changu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Anajifungia chumbani na ufunguo. Juzi kanipekua begi."

"Labda ana sababu zake."

Mdogo wake akavuta pumzi ya mtu anayejitayarisha kubeba kitu kizito. "Dada, mama anasahau. Ameacha jiko linawaka mara mbili. Mlango wa nje anauacha wazi tunalala hivyo hivyo. Ndiyo maana naweka nondo. Alinikataza nisikwambie, anasema utamhamisha."

Hotuba ndefu kama hiyo Zipu hakuwahi kuitoa, na hiyo hiyo ndiyo iliyommaliza. Mwandishi akaona mdogo wake amekaririshwa maneno.

"Na hayo ndiyo utakayokwenda kumwambia hakimu?" akauliza, akakata simu. Moyoni alikuwa na furaha. Mama ameamka. Mama ameanza kufunga mlango.

Pale ofisini walikuwa na desturi moja. Mteja akija na kusema ameletwa na makala, wakili mkuu alimwomba mteja huyo ruhusa ili Mwandishi akae pembeni na daftari lake kwa dakika za mwanzo, asikie kwa masikio yake ni sentensi gani iliyomnyanyua mtu kwenye kiti chake. Alhamisi, kabla ya mchana, dada wa mapokezi akampigia simu ya ndani. "Kuna mteja wako chumbani kwa bosi. Amekuja na makala yenyewe imechapwa, ameipigia mistari kila mahali. Nenda ukajifunze."

Akachukua daftari, akabisha, akaingia.

Aliyekaa mbele ya wakili alikuwa mama yake. Amevaa gauni la kutokea, mkoba umesimama magotini, makala imelazwa mezani. Mistari myekundu chini ya maneno ilikuwa imenyooka, imepigwa kwa rula.

"Umenifuata mpaka huku?" mama alisema.

"Mama, mimi nafanya kazi hapa."

"Hapa?" Mama akatazama kuta, akatazama mafaili, akamtazama tena. "Tangu lini?"

Miaka sita. Viatu vya siku ya kwanza ya kazi mama ndiye aliyemnunulia, na hadi mlangoni mwa jengo hili alimsindikiza. Mwandishi alifungua mdomo kumkumbusha, akaona macho ya mama yanatafuta kitu na hayakipati, akaacha. Hofu ilimshika, hofu halisi, si ile aliyokuwa akiwauzia watu.

Wakili mkuu alishindwa aangalie wapi. "Mama, kumbe huyu ni..."

"Mwanangu," mama alimkatiza. "Ndiye niliyekuja kumsema, na sasa yupo, basi na asikie." Akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza mwekundu. "Zamani alikuja Jumapili. Sasa kila siku yupo kwangu. Anaulizia hati. Anapekua droo, ananiambia anatafuta uzi, na kushona hajui. Yule mwingine anapima nyumba dirisha kwa dirisha. Nikajiuliza, hawa wanangu wamepatwa na nini? Mpaka niliposoma hapa. Wote wawili wamo."

"Mama, Zipu hana kosa," Mwandishi alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Nondo ni kwa ajili yako. Mimi ndiye niliye..."

"Unaona?" mama akamwambia wakili. "Wanateteana."

Wakili akakohoa. "Na ulitufahamu vipi, mama?"

Mama akashusha sauti, akapanga upya mkoba magotini. Aibu ilionekana shingoni kabla haijafika usoni. "Niliwauliza kwenye kile kisanduku chenu. Nimeanza kusahau, mwanangu. Naweza kusimama sokoni nisijue nimefuata nini. Lakini niliona haya kuandika kuwa ni mimi, nikaandika mzazi. Nilitaka tu kujua nyumba niiweke vipi hawa watoto wasije wakagombana, na huyu mdogo karakana yake isipotee. Nikadhani hakuna atakayejali swali la bibi kizee. Kumbe wamenijibu kwa makala nzima."

Mwandishi alisimama na daftari kifuani. Aliona haya. Swali lilikuwa la mama yake, ameliandika kwa tafadhali na ahsante, anawatakia watoto wake amani. Naye alilipokea, akaligeuza, akamrudishia sumu. Alitaka kupiga magoti pale pale kwenye zulia la wakili. Wakati huo huo alijua kwamba lolote atakalosema, mama ana mstari mwekundu wa kulijibu.

Wakili mkuu alitafuta njia ya kutoka akaikimbilia kazi, kama walivyo mawakili. Akavuta karatasi. "Sawa, mama. Hakuna haraka, lakini nikuulize linaloulizwa kwanza. Siku ukishindwa kusaini mwenyewe, ungependa asaini nani?"

"Hilo nimeshaliamua." Mama hakumtazama binti yake. Alifunua ukurasa wa mwisho wa makala, akaburuta kidole hadi chini kabisa, penye maneno Dawati la Ushauri. "Huyu. Simjui, lakini nimesoma zote alizoandika, na ndiye peke yake ambaye hakunificha kitu."

Wakili aliinua macho polepole kumtazama Mwandishi. Mwandishi alitazama sakafu.

"Yupo leo?" mama aliuliza. "Nataka nimshukuru kabla sijasahau."