Majina Matatu na Nazi Nne

Mdogo wangu alipewa majina matatu kabla hajafikisha miaka miwili, na hakuitikia hata moja. Majina yenyewe siyaandiki hapa. Yalikwisha kutaabishwa vya kutosha.

La kwanza lilikuwa la babu mzaa baba, kama ilivyo ada. Babu alikuwa maarufu kutoka Pangani mpaka Muheza kwa kutomjibu mtu, hivyo mtoto alipofikisha mwaka, na akiitwa anaendelea kutazama gurudumu la cherehani ya mama, watu walifurahi. "Babu yake mtupu!" walisema. Miezi mitatu baadaye furaha ilipungua. Mwalimu wa chuo cha Kurani akapiga hesabu zake za nyota, akasema jina ni zito, mtoto halibebi. Ukafukizwa ubani, ukaliwa mkate wa kumimina, akapewa jina jingine.

Kasoro ya dawa hii niliiona baadaye sana, nikiwa na shahada: mtoto aliyebadilishiwa jina jana, asipoitika leo, hakuna wa kumshangaa. Hajalizoea. Tukampa miezi minne alizoee. Hakulizoea. La tatu nililipendekeza mimi. Nilikuwa na miaka kumi, nasoma darasa la nne, na hapakuwa na jambo Tanga nzima ambalo sikuwa na maoni nalo. Nilitaka jina fupi. Nilidhani tatizo ni urefu.

Kiziwi hakuwa, hilo mimi na mama tulilijua. Ukikalia mbuzi kukuna nazi, hata awe chumba cha mwisho, alikuja, na ukisita alikushika kifundo cha mkono akaurudisha mkono wako kwenye nazi. Ndivyo alivyoomba vitu vyote: akitaka maji aliuchukua mkono wako akaupeleka mtungini, kama mtu anayechukua kata. Hakunyoosha kidole. Hakukutazama usoni. Mama aliyaona yote haya mapema, akanyamaza, kwa sababu ya shangazi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikaa Pangani, na alikwisha kutuma salamu: ikiwa hata kwa jina hili mtoto haitiki, atakuja kumchukua, atibiwe na mganga wa huko mpaka aseme. Baba alikuwa karani kwenye ghala la mkonge, mtu wa kuamrisha makuli, lakini mbele ya dada yake alikuwa bado mtoto wa miaka sita. Angekubali. Mama aliwajua watoto wawili waliopelekwa kwa mganga huyo. Mmoja alirudi na chale kifua kizima, na bado hasemi. Wa pili hakuwa amerudi.

Shangazi alifika Jumamosi asubuhi na kikapu cha nazi za shambani kwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Yuko wapi bwana mkubwa?"

Bwana mkubwa alikuwa uani, ameelekea ukuta, anapanga vifuu katika mstari ulionyooka kuliko barabara yoyote ya serikali. Shangazi akaketi mkekani, nyuma yake. Mimi nikaleta mbuzi na kile kikapu, nikaketi nyuma ya shangazi. Hakuna aliyenituma. Mama alinitazama mara moja, akainamia mchele wake.

Shangazi akaita jina la tatu. Mtoto akaongeza kifuu. Akaita tena.

"Wifi, huyu mtoto wa ndugu yangu au wa ukuta?"

"Ana haya, wifi."

Akavuta pumzi, akaita, na jina lilipomtoka tu nikakuna. Mtoto akageuka.

"Ee! Kageuka!"

Nikaacha. Akarudia vifuu. Shangazi akaita, nikakuna, akageuka. Shangazi hakuwa mtu wa kuridhika na ushahidi mdogo. Aliita kwa upole, aliita kwa ukali, aliita kwa kunong'ona. Nilimaliza nazi nne. Mwishowe mtoto akainuka, akampita shangazi kana kwamba ni nguzo ya nyumba, akanishika kifundo cha mkono.

"Hata jicho hakunitupia," shangazi akasema.

"Ana haya."

"Haya ya baba yake hiyo. Siku ya harusi alitazama jamvi mpaka watu wakaondoka."

Kesho yake alirudi Pangani peke yake. Mlangoni alinishika bega. "Nazi nne, mwanangu, kwa wali wa watu watano?" Akaondoka bila kungoja jibu. Mpaka leo sijui alijua nini. Siku tatu kila tulichokula kilikuwa na tui.

Miaka thelathini na kitu baadaye nilimpeleka mdogo wangu kwa daktari Dar es Salaam, kijana wa umri wa wanafunzi wangu. Alikuwa na karatasi ya maswali.

"Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, akiitwa jina lake alikuwa anageuka?"

"Ndiyo," nikasema, bila hata kufikiri. Daktari akaweka alama. Mdogo wangu alikuwa akizipanga kalamu za daktari mezani, mstari mmoja.

"Futa hiyo," nikasema, nikamweleza.

Alisikiliza mpaka nazi ya nne. "Kwa hiyo dalili mliiona."

"Kabla hajaachishwa ziwa."

"Mkaificha."

"Tukaificha vizuri sana."

Akaandika neno usonji, jina la hali aliyozaliwa nayo. Akasema mtoto akitambuliwa katika umri ule, akafundishwa mapema namna ya kuomba anachotaka, hata kwa ishara, tofauti huonekana. Niliporudi Tanga nilimweleza mama, ambaye alikuwa akipepeta mchele.

"Angefundishwa wapi?" akauliza. "Pangani?"

Nikaketi na shahada zangu zote, nikamsaidia kuchagua mchele. Siku hizi pa kufundishwa papo, ingawa ni mbali na foleni ni ndefu. Kwa hiyo jirani akiniletea mjukuu asiyeitika, akaniambia jina ni zito, simbishii. Namwomba azime redio, tukae kimya sote, kisha amwite mtoto kutoka nyuma. Asipogeuka namwandikia namna ya kufika kwa daktari. Mama naye, kabla mtoto hajaitwa, huinuka bila kuambiwa na mtu, akaiondoa mbuzi ya nazi karibu yangu.