Nauli Umeipata, Bamvua Je?

Asubuhi ile bado ninayo, mwanangu Zena, kama vile sijaondoka pale ufukweni Mlingotini. Nilikuwa kijana, tiketi ya kriketi imekunjwa ndani ya mfuko wa shati, na nilikuwa namwendea shangazi yangu Mwanahawa, huyu unayemwita bibi, nikiamini kwamba matayarisho yote ya safari nimeshayamaliza.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulinionyesha kwenye simu yako uwanja mkubwa wa huko kusini, wenye nyasi za kijani mpaka macho yanauma, pamoja na bei za viti na nauli za mabasi. Ukaniuliza, "Baba mkubwa, niende nisiende?" Nikakurudishia simu yako. Najua ulidhani natafuta maneno ya kukukatalia. Sivyo. Nilikuwa nimesharudi ufukweni, namsikia shangazi.

Wenzako watacheka kuona mtu wa miaka arobaini na kitu anajifanya mzee wa kutoa nasaha. Waache wacheke. Mimi si mzee wa mvi, ni mzee wa njia. Nimelala Mombasa, Lusaka, Harare na mahali pengine ambapo sikumbuki hata jina la mtaa. Katika kuhangaika kote huko, nilichojifunza kuhusu safari nilifundishwa kabla sijaondoka, na mwanamke ambaye mwisho wa safari zake ulikuwa Kariakoo.

Kriketi nilifundishwa na Amini, mtoto wa mwenye duka la vitambaa pale Dunda. Tulicheza Mbegani maji yakiwa yametoka, kwenye mchanga mgumu, gongo letu tukilichonga kwenye upongoo wa kuti la mnazi. Mpira ulipoangukia kwenye kidimbwi ulizama tu, nasi tukacheka. Kisha baba yake Amini akanunua televisheni. Nikaona kumbe mchezo wetu wa pongoo huchezwa na watu waliovaa nguo zinazofanana, mbele ya maelfu, na mpira mmoja tu unaweza kuuinua uwanja mzima. Hamu ikaniingia. Wewe unaijua hamu hiyo, umeipata shuleni, sina haja ya kukueleza.

Ikatokea kwamba timu kubwa kutoka Asia inakuja kucheza Nairobi. Amini alikuwa na mjomba wake huko. Tiketi zikapatikana, mahali pa kulala pakapatikana, nauli nikaitafuta kwa kubeba mizigo sokoni. Ndipo nikaenda kumuaga shangazi.

Nilimkuta amekaa mchangani na jirani yake Mama Shani, wanafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Wakati huo nilikuwa naishi kwake, na shamba lake la mwani tulililima pamoja.

"Shikamoo shangazi. Shikamoo Mama Shani."

"Marahaba. Mbona unang'aa meno?"

"Naenda Nairobi, shangazi. Kutazama kriketi."

"Kutazama nini?"

"Kriketi. Mchezo wa gongo na mpira."

"Ule mnaonimalizia pongoo zangu za kuni?"

"Ndiyo huo. Ila hawa ni wa kimataifa. Wanacheza kutwa nzima."

Mama Shani akaacha kufunga. "Kutwa nzima! Hawana wake, hao?"

"Wanapumzika, mama. Wanaletewa maji, na katikati wanakwenda kula."

"Ehee! Mchezo una chakula ndani yake!" Akampiga shangazi begani. "Sisi tumeinama hapa tangu alfajiri, hata kahawa hatujaionja. Hebu na sisi tuitwe wa kimataifa, Mwanahawa, labda tutaletewa maji."

Wakacheka mpaka kamba zikawaponyoka. Nami nikacheka. Kisha shangazi akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akauliza kwa upole, "Lini?"

Nikamtajia siku. Hakutazama kalenda, maana hakuwa nayo. Akaanza kuhesabu kwa vidole, na midomo ikimcheza, na nilipomwona anahesabu hivyo, moyo wangu ukashuka. Nilikuwa nimetazama tarehe ya Wazungu iliyopigwa chapa kwenye tiketi. Mwezi wa angani sikuutazama. Mimi, mtoto wa pwani!

"Hilo ni bamvua," akasema.

Wewe unafanya kazi hiyo hiyo, Zena, lakini huenda waraka huu ukasomwa na mtu wa bara, basi na aelewe. Bahari hupwa sana kwa siku chache tu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Hilo ndilo bamvua. Siku hizo ndizo mtu anaweza kusimama shambani akavuna mwani. Zikipita yanakuja maji mafu, yasiyotoka vya kutosha, na mwani uliokomaa ukibaki majini hulegea, hukatika, mawimbi yakaubeba. Na mwani wetu ulikuwa unakomaa bamvua hilo hilo. Shangazi alikuwa ameshauwekea kazi: mabati. Paa lake la makuti lilikuwa limechoka, masika yaliyotangulia tulilala tukihamisha mikeka kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Na kiuno chake kilikuwa kimeanza kumsumbua. Peke yake asingelimaliza lile shamba.

Nikaanza kujitetea. Nikasema nauli ninayo. Nikasema pa kulala pako. Nikasema hata chakula cha njiani nimeshapiga hesabu.

Akanitazama, mwanangu. Hakufoka. Shangazi hakuwa mtu wa kufoka, na nadhani angefoka ningeondoka kwa hasira nikapata sababu. Alisema tu:

"Nauli umeipata, Shomari. Bamvua umelipata wapi?"

Nikamkodolea macho.

"Usiniangalie hivyo, sijakukataza. Mtu akiwa na hamu na kitu, ukimzuia atakaa nyumbani kama mgonjwa, na mgonjwa havuni. Nenda. Lakini hizo siku unazokwenda nazo Nairobi si zako peke yako. Ni zangu, na za hili paa. Mtu akichukua kitu cha watu husema anakirudisha na nini, tena husema kabla hajakichukua. Sasa nenda kafikiri."

Nilitembea ufukwe wote hadi nyumba za mwisho. Nikafikiria kuiuza tiketi. Nikafikiria kumwomba shangazi avune kidogo kidogo, wazo ambalo nililionea haya kabla halijakwisha. Kisha nikakumbuka kwamba si wote huvuna bamvua moja. Mama Shani na Bi Kidawa, mkulima mwenzao wa mwani, wao walipanda mapema, mwani wao ungevunwa bamvua lililokuwa mbele yetu, kabla ya lile la safari. Nikivuna kwao sasa, wao watakuwa na nafasi ya kunivunia wakati wa kuvuna kwetu.

Nikaazimia. Nitakwenda Nairobi, na paa la shangazi litaezekwa.

Mama Shani alikubali papo hapo, kwa sharti kwamba nikirudi nimweleze hao wanaume wanakula nini. Bi Kidawa hakuwa mwepesi. Alikuwa mwanamke mkavu, haamini kijana yeyote anayejua kusoma.

"Utanivunia kweli, au utanikatiakatia?"

"Nitakuvunia, bibi."

"Tutaonana majini."

Bamvua likaingia. Maji yalipotoka nilikuwa kwa Bi Kidawa, nikimaliza kwake nakimbilia kwa Mama Shani kabla bahari haijarudi. Kamba zilinichana vidole, chumvi ikaingia humo humo. Gunia la kwanza nililompelekea Bi Kidawa alilimwaga mchangani mbele ya watu, akaokota majani na konokono.

"Huu mwani au ufagio? Chambua!"

Nikachambua. Watoto wakacheka. La pili akalipindua tena, akaokota jani moja tu, akanitupia. La tatu hakulimwaga. Alilishika kwa juu, akalipima uzito kwa mkono, akaenda zake kulianika. Nikajua nimeshapata bamvua langu.

Siku ya kuondoka shangazi alinifungia mikate ya kumimina kwenye kitambaa. Sikuondoka kwa kunyata. Niliondoka mchana, nikaagana na kila mtu, kila mmoja akanitania. Tofauti hiyo, mwanangu, huwezi kuijua mpaka uwe umesafiri kwa namna zote mbili, na huko mbeleni, katika miji ile niliyokutajia, namna ya pili nimeijua pia. Ukiondoka huku umeacha jambo linaoza nyuma yako, hata mandhari ya dirishani hayakuingii.

Uwanjani sasa. Nikuambie nini? Televisheni haionyeshi kitu. Haionyeshi jinsi uwanja unavyokuwa kimya mrushaji anapoanza kukimbia. Haikuletei ule mlio wa gongo, unaokufikia baada ya macho kuuona mpira umeshapigwa. Nyuma yetu walikaa wazee wa Kihindi na vyakula vyao kwenye makopo, kulia wanafunzi wa Nairobi wanapiga ngoma, na kila mmoja ananieleza mchezo kana kwamba yeye ndiye aliyeutunga. Nilimchagua mchezaji mmoja aliyesimama karibu nasi, kule pembeni kwenye kamba ya mpaka. Mpira haukumjia. Saa zinapita, yeye anasogea hatua mbili mrushaji akikimbia, anarudi, anasogea tena. Wanafunzi wakamtania, "Kaka, lala tu, tutakuamsha!" Hakugeuka.

Baada ya saa ya chakula mvua ikanyesha. Wachezaji wakatoka, turubai likatandazwa. Watu wakalaumu, wakalilia pesa zao, wakaanza kuondoka. Amini naye akainuka.

"Twende kwa mjomba, Shomari. Huu umekwisha."

"Wewe nenda."

"Utalowa bure, bwana."

"Nimekuja kutazama mpaka mwisho."

Alidhani ni ukaidi. Lakini mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu, bado vina makovu ya kamba, na nilijua kwamba saa ile ile Mama Shani na Bi Kidawa wameinama kwenye shamba letu kwa ajili yangu. Watu wamenipa siku yao nzima, mimi niitupe kwa sababu ya mvua? Nilikaa. Nikavua shati, nikajifunika nalo kichwa.

Mvua ikakatika. Wakarudi. Na katika mipira ya mwishoni mpigaji akaupiga juu, juu sana, ukawa unakuja upande wetu. Yule wa pembeni alikimbia akiutazama, akaruka, akaudaka kwa mkono mmoja huku anateleza kwenye nyasi zilizolowa. Uwanja, kwa uchache wetu tuliobaki, ulilipuka. Nilijikuta nimemkumbatia mzee mmoja wa Kihindi nisiyemjua, sote tumelowa, na mimi nalia. Sikuwa nalilia timu yoyote.

Niliporudi mwani ulikuwa umejaa chanja zima la kuanikia, umekauka vizuri. Shangazi, Mama Shani na hata Bi Kidawa walikaa kunisikiliza. Nilipofika kwa yule mdakaji, Bi Kidawa akanikatiza.

"Kutwa nzima kainama tayari, na mpira haujaja?"

"Naam, bibi."

"Huyo," akasema, "ningempa shamba."

Mabati yaliezekwa kabla ya masika.

Sasa nikujibu, Zena. Nenda. Sitaki uzeeke ukiwa na uwanja ule ndani ya simu tu. Bei ya kiti na nauli utazipata, wewe ni mchapakazi. Lakini usidhani hapo umemaliza gharama. Tazama mwezi pamoja na tarehe. Jiulize ni siku za nani unazobeba, umwendee huyo mtu kwa miguu yako, uzilipe mapema, kwa kazi, kwa sababu malipo ya baadaye hunyauka njiani. Mimi nimeyaona yakinyauka mikononi mwangu mwenyewe. Ukifika, tazama mpaka mpira wa mwisho, hata mvua ikinyesha. Na ukirudi, wasimulie waliokuvunia. Masimulizi hayo ndiyo tiketi yao.

Nimeshatazama. Mechi unayoitaka inaangukia bamvua. Ulitarajia nikuongezee nauli. Sikupi. Nakupa bamvua hilo. Shamba la bibi yako nitalivuna mimi. Najua siku hizi, kwa joto hili la bahari, mmelisogeza kwenye maji yanayonifika kiunoni, na mafundo mnayofunga siyajui. Basi bamvua linalokuja utanifundisha, nami nitakuwa mkono wako wa bure. Kwa kunifundisha huko utakuwa umelipa.

Jana nilimweleza bibi yako. Siku hizi hashuki majini, anakaa kwenye chanja na kugeuza mwani kwa fimbo. Akauliza kabla sijamaliza:

"Bamvua amelipata?"

"Amelipata, shangazi. Kwangu."

Akacheka kidogo. "Wewe? Wewe hujakaa hapa miandamo miwili ikafuatana tangu uote ndevu."

"Nitakaa."

Akanitazama vile vile alivyonitazama siku ile. Kisha akanisukumia gunia tupu kwa fimbo yake.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, mwanangu. Akupe macho ya kuona na subira ya kungoja. Akupeleke salama, akurudishe ukiwa na mengi ya kusimulia, na atujaalie sote tuwe hapa, chanjani, tukikusikiliza. Amina.