Koki ya Fundi Saa

Watu walimwita Dakika kwa sababu kila mteja aliyeulizia saa yake alijibiwa, "Dakika moja tu." Kwa miaka thelathini alikaa nyuma ya meza yake ya kioo, lenzi jichoni, akifufua saa ambazo mafundi wenzake walishazikatia tamaa. Kisha madaktari wakamtoa tezi dume yenye saratani. Saratani ikaenda zake, ikamwachia mkojo usiozuilika. Akikohoa, tone. Akiinuka kitini, matone. Aliyejua ni mkewe peke yake. Wengine wote, mkwe wake akiwa wa kwanza kufichwa, waliambiwa mzee ana henia.

Mwaka wa pili akapasuliwa tena, akawekewa koki ya bandia: pete laini ya kubana njia ya mkojo, na kipampu kidogo ndani ya mfuko wa korodani.

"Ukitaka kukojoa unabonyeza, pete inaachia, halafu inabana yenyewe," daktari alimweleza. "Ila kwa wiki sita nimeizima, pete ibaki wazi, kidonda kipone. Usiiguse, mzee wangu. Nitaiwasha mimi."

Haya, mwambie fundi saa asiguse! Mtu ambaye hajawahi kumrudishia mteja saa bila kuijaribu. Wiki ya tatu, mkewe akiwa sokoni, alijifungia bafuni akabonyeza kwa nguvu zake zote. Alihisi kitu kikiachia. Akakohoa makusudi, akainama, akarukaruka. Pedi ikabaki kavu. Alicheka peke yake kama mwehu.

Ilipofika saa sita mchana hakuwa na hamu ya kucheka. Kibofu kilijaa, pale penye kipampu palivimba, kila akijaribu kubonyeza machozi yanamtoka, na mkojo hautoki. Miaka miwili aliomba tone lisitoke. Sasa aliomba litoke hata moja. Mkwe wake, aliyepita kumsalimia, alimkuta amejikunja sakafuni, akambeba juujuu hadi hospitali ya jirani.

"Amewahi kupasuliwa?" nesi aliuliza.

"Henia, sista. Wiki tatu zilizopita," mkwe alijibu kabla Dakika hajafumbua mdomo.

Nesi akachana pakiti, akatoa mpira wa mkojo. Dakika alishikwa na hofu. Daktari wake alimkanya: mpira usipite hapo kabla pete haijafunguliwa, njia ya mkojo inaweza kuchanika. Karatasi ya kueleza hayo aliificha kabatini, chini ya nguo. Aseme basi! Lakini aseme vipi mbele ya mume wa bintiye, kijana anayemwamkia ameinamisha kichwa?

"Mwanangu, toka nje kidogo."

"Siendi popote, baba. Niko hapa hapa." Akamshika mabega, akidhani mzee anaogopa maumivu.

Mpira ulishapakwa mafuta. Dakika alifumba macho, akauma meno. Ncha ya baridi ikamgusa.

"Acha!" Sauti ile hakuitambua kuwa ni yake. "Sina henia! Nilitolewa tezi dume, nikawa najikojolea. Nimewekewa koki ya bandia, na imefungwa. Nimeiwasha mwenyewe!"

Nesi aliuweka mpira chini, akatoka mbio. Alirudi na daktari wa upasuaji, ambaye alikitafuta kipampu kwa vidole viwili, akakibonyeza taratibu. Mkojo ukatoka, mwingi, Dakika akilia bila kujizuia. Daktari alisema koki ataizima tena. Kama imeumiza kitu huko ndani, vipimo vitaonyesha.

Walipobaki wawili, mkwe alikuwa bado amesimama palepale, uso umempauka.

"Baba, kwa hiyo ungekubali uharibiwe, kisa mimi nipo?"

Dakika alitaka kusema hapana. Akavuta shuka hadi kifuani.

"Nilishafumba macho, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza."