Nilipima firewall ya cloud kwa video ya kwaya, ndengu za mamangu zikaachwa Mbumbuni

Wakuu, salamu kutoka Kitui town. Hii sikusimuliwa na mtu, ni yangu mwenyewe, na nimeiandika yote hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi ndiye mtu wa IT wa ushirika fulani wa wakulima wa ndengu. Idara nzima ni mimi.

Mfumo wetu uko cloud, na mbele yake kuna firewall. Si kile kisanduku cha ukutani. Ni programu tu inayokaa kwenye mashine ya kukodi na kukagua kila kinachoingia.

Mwenyekiti aliuliza hiyo ni nini, nikamwambia ni askari wa geti. Akasema basi mmoja mdogo anatosha. Sikubisha, nikakodi mashine ndogo.

Kabla ya msimu nikaipima. Faili kubwa niliyokuwa nayo ni video ya kwaya ya kanisa letu, ibada nzima, masaa matatu. Ikapita bila shida. Nikaandika kwenye ripoti kwamba uwezo unatosha, na nikajivunia kabisa.

Siku ya kukusanya ndengu ikafika. Makarani wa Emali, Kiboko na Mbumbuni wakaanza kupima kwa pamoja. Kila gunia likipimwa, simu ya karani inatuma ujumbe mdogo kwa mfumo.

Lori la mnunuzi lilikuwa liondoke Mbumbuni saa sita, na halibebi gunia ambalo halionekani kwenye mfumo. Kwenye foleni alikuwepo mamangu na magunia yake manne.

Saa nne mfumo ukaganda.

Nikaangalia grafu ya data. Ilikuwa chini, hata robo ya ile video haikufika. Nikaamua shida ni network ya Mbumbuni. Nikampigia karani wa huko, Mwende, nikamwambia atafute mahali pa juu. Alizunguka na simu hadi nyuma ya kanisa, karibu saa nzima.

Mwende, kama unasoma, pole.

Ndipo nikafungua grafu ya processor, ubongo wa mashine ya firewall. Ilikuwa imejaa tangu asubuhi.

Video ya kwaya ilikuwa connection moja, yaani muunganisho mmoja tu, ikakaguliwa mlangoni ikapita. Lakini kila gunia lilifungua connection yake, na kila moja lazima ikaguliwe upya. Data ilikuwa kidogo, kazi ndiyo ilikuwa nyingi.

Ningeweza kuzima firewall tu. Nilifika hadi kwa hiyo button. Lakini nyuma yake kuna namba za vitambulisho vya wakulima wote, nikaogopa.

Nikaihamishia mashine kubwa, na hapo inabidi kuzima na kuwasha. Ilirudi saa sita na dakika kumi. Lori liliondoka saa sita.

Magunia ya mamangu yalirudi nyumbani kwa punda. Nilimpigia nikamweleza yote, kwaya na connection. Niliona aibu sana. Akasema:

"Kumbe ulipima geti kwa ng'ombe mmoja. Sisi tulikuja kama kuku, wengi kwa pamoja."

Nimesoma documentation nyingi za firewall. Hakuna iliyoeleza vizuri hivyo.

Kwa hivyo wakuu, msipime ukubwa wa faili pekee. Pimeni connection mpya ngapi zinaingia kwa sekunde, na ukaguzi ukiwa umewashwa. Nyinyi hupima zenu vipi? Semeni hapa chini, na kucheka ni ruhusa.

Lakini msikawie. Lori linarudi Alhamisi, na mamangu ameshauliza kama nimehesabu kuku.