Siku Programu Yangu Ilimkataa Njeri Mdogo Mbele ya Cucu

Hii stori sijawahi kuambia hata wenzangu wa kwaya, na nikiwaambia nyinyi ni kwa sababu mnanijua na mtanicheka polepole. Katika ukoo wetu wote mimi ndiye nilisomea kompyuta, na ni mimi, kwa hii mikono, niliandika yale maneno mekundu yaliyosomwa kwa maikrofoni mbele ya cucu yangu, pasta, na majirani wote wa Ngoliba. Nikikumbuka, masikio bado yanapata moto.

Cucu Njeri, mamake baba yangu, alikuwa anatimiza miaka themanini, tukaamua tumfanyie shukrani pale nyumbani, na mimi nikajitolea (hakuna aliyeniomba, muelewe hiyo) kutengeneza programu ya ukoo, yaani unaingiza jina la mtu, unasema mamake ni nani na babake ni nani, na picha yake inatokea kwa skrini kubwa na mstari unaopanda mpaka kwa Cucu. Kazi yangu ndiyo hiyo, naandika programu kwa ofisi moja ndogo hapo Ruiru, na huwa najiskia, naringa, siwezi kuwadanganya.

Sasa hapa ndipo nilijichimbia shimo. Programu ikikutana na jambo lisilo sawa, kuna njia mbili za kulishika. Moja inaitwa assert, unaiambia kompyuta kwamba kitu fulani lazima kiwe kweli, na kama si kweli basi mimi niliyeandika nimekosea, simamisha kila kitu. Ya pili ni exception, hapo unakubali kwamba watu wanaweza kuja na mambo yao, kwa hivyo unapanga mapema utafanya nini wakija nayo, na kazi inaendelea. Ya pili ina maandishi mengi. Mimi nikaweka assert: kila mtu lazima awe na mama na baba. Mstari mmoja tu, msafi, nikaenda kutafuta chai. Niliporudi nikapata Achieng, tunayekaa naye meza moja, anaangalia kazi yangu.

"Shiro, hiyo ya baba usiweke assert," akasema. "Assert ni ya makosa yako wewe. Mtu kukosa jina la baba si makosa yako, ni maisha ya watu."

"Achieng, hii ni familia yangu. Naijua yote."

"Haya," akasema, akarudi kwa kazi yake.

Na ule ujumbe wa kutokea kama kuna shida, nikauandika hivi hivi tu, kwa sababu nilijua hakuna mtu atawahi kuuona: KOSA. MTU HUYU HAWEZI KUWA KWA FAMILIA HII.

Siku ikafika, na mwanzoni mambo yalienda vizuri mpaka nikaanza kutembea kwa madaha. Uncle Kariuki, kakake baba, ndiye alikuwa MC, na kila jina likitokea kwa skrini alikuwa analisoma kwa sauti, watu wanapiga makofi, na Cucu ameketi mbele anajipangusa macho na leso. Lakini kila mara alikuwa anageuka kuangalia gate. Nyumbani sote tulijua anangoja nani. Alikuwa ameomba zawadi moja tu, aletewe Tata Wambui, shangazi yangu, na mtoto wake.

Tata Wambui ndiye kitinda mimba wa Cucu, ako na saluni Mwihoko. Alipata mtoto bila kuolewa, wakakosana na guka, mumewe Cucu, na tangu hapo hakukanyaga nyumbani, hata baada ya guka kufariki. Huyo mtoto hatukuwa tumemwona, jina tu ndilo tulisikia, na mimi sikudhani watakuja kweli. Basi katikati ya makofi nikawaona wamesimama pembeni ya hema, msichana mdogo na viatu vya shule vimepakwa rangi vizuri, na mamake amemshika mkono kama mtu ambaye bado anaweza kugeuka aende. Cucu akawaona pia. Akanionyesha na mkono, "Shiro, waweke hapo na wengine."

Nikaandika haraka. Jina, Njeri. Mama, Wambui. Baba... nikainua kichwa nimuulize Tata, na uso wake ukaniambia nisiulize. Nikaacha wazi, nikabonyeza.

Skrini nzima ikawa nyeusi. Picha zote zikapotea, hata ya Cucu, yakabaki tu yale maneno mekundu, makubwa kuliko nilivyokumbuka. Na Uncle Kariuki (masikini, si alikuwa anasoma kila kitu tangu asubuhi?) akasoma: "Kosa. Mtu huyu hawezi kuwa kwa familia hii." Alipojisikia, ilikuwa imeshatoka.

Nikazima, nikawasha. Kumbe programu ilikuwa imeshamhifadhi mtoto, kwa hivyo ilianza kusoma watu, ikamfikia yeye, ikasimama tena na maneno yale yale. Safari hii Uncle alinyamaza, lakini wamama wa kanisa wanajua kusoma, na minong'ono nikaisikia. Tata Wambui akaanza kuweka mkoba begani.

"Si umtoe huyo kwanza, picha zirudi," Uncle akaninong'oneza, na maikrofoni bado iko wazi.

Nikaweka kidole. Haki nilikuwa namfuta, wacha niseme ukweli. Halafu nikahisi mtu kando yangu. Ni mtoto mwenyewe, amekuja mpaka kwa meza, na kusoma anajua.

"Auntie, ni mimi nimeharibu?"

"Hapana, mami. Ni mimi nimeharibu."

"Shiro," Cucu akaita, bila maikrofoni. "Usitoe mtu. Kama hiyo mashini haina mahali pake, mimi niko napo. Njeri, kuja."

Mtoto akamwangalia mamake. Tata akateremsha mkoba. Cucu akasonga kidogo kwa kile kiti chake cha heshima, akampakata.

"Kariuki, huyu anaitwa nani?"

"Njeri."

"Jina ya nani?"

"Yako, maitu," Uncle akamjibu mamake.

"Basi soma hivyo."

Hapo ndipo nilijua mimi ni mjinga kiasi gani. Kwetu, msichana wa kwanza anapewa jina la mamake baba, na kama hakuna upande wa baba, anapewa la mamake mama, na anahesabiwa hapo nyumbani kama wengine. Hiyo mila naijua tangu utoto. Wazee walishapangia mtoto kama huyu mahali kabla mimi sijazaliwa, na mimi na shule yangu yote nikaandika kwamba hawezi kuwa.

Nikapiga magoti kwa nyasi, nikafungua kazi yangu (na projekta bado imewaka, pasta anakodoa macho asome), nikatoa ile assert, nikaandika kwamba asiye na baba mstari wake upitie kwa mama, kazi iendelee. Nikampiga picha na simu pale alipokuwa amepakatwa, nikaiingiza, nikawasha. Wote wakarudi. Uncle akakohoa kidogo. "Njeri," akasoma, "wa Wambui, wa Njeri." Tata Wambui akalia, na Cucu akalia, na mimi nikajificha nyuma ya laptop nikalia pia.

Achieng nilipomwambia alicheka mpaka akaweka kikombe chini, halafu akanishika bega. Assert bado natumia, kwa hesabu zangu mwenyewe. Kwa watu nimeapa sitawahi tena.

Jumapili nyingi meseji inaingia kutoka Mwihoko, Tata ananiandikia, "Njeri anauliza kama bado yuko." Nafungua programu, napiga skrini picha, namtumia. Yuko.