Redio ya Kusikia Mbali

Tak. Tak. Mlio mkavu, kama mtu anayevunja njugu kwa meno ya mbele. Nilikuwa nikibonyeza kitufe cha kisanduku cha redio, na mbele yangu usukani wa mkia wa ndege ndogo unapinda kushoto. Nikibonyeza tena, kulia. Tak. Wallahi niliupenda kuliko taarabu.

Tulikaa Changamwe, mimi, nyanya na mjomba, ndege za kweli zikituteremkia juu ya bati hata mazungumzo yakasimama. Mekanika mmoja wa uwanja wa ndege, akirudi kwao ng'ambo, alimwachia mjomba wangu, fundi wa redio, ndege ya mfano ya mbao nyepesi na karatasi, pamoja na redio yake ya kuiongozea, nyeusi inayong'aa, yenye kipokezi chake cha kutiwa ndani ya ndege. Mjomba naye akaunda redio ya pili kwa vipuri vya dukani, akaitia katika mkebe wa biskuti. Mimi macho yangu yalikuwa kwa ile nyeusi.

"Uzuri wautakia nini?" akasema mjomba. "Ndege isiyokusikia ni jiwe lenye injini. Ikimwangukia mtu je? Twende tukapime. Redio itakayosikia kutoka goli hadi goli, utarusha nayo. Isiposikia hata moja, ndege naitundika dukani iwe pambo."

Kwenye uwanja wa mpira yeye alichutama penye ndege, mimi nikaenda kinyumenyume nikibonyeza. Kila mkia ukipinda, ainue mkono. Ile nyeusi, hatua thelathini, mkono haukuinuka tena. Tukabadilisha kisanduku na kipokezi chake. Mkebe nao, thelathini.

Mama mmoja jirani akapita na kapu lake. "Fundi, mpwao mwaka huu aolewa na eropleni?"

"Bora huyo," nikamjibu, "hatataka kupikiwa."

"Na hasikii vilevile? Basi ni mume kweli."

Nilicheka. Tuliporudi nyumbani, mjomba alikuwa tayari anatafuta msumari wa kuitundikia ndege.

Nikaiweka ndege mapajani niipanguse vumbi kwa mara ya mwisho. Karibu na mkia, karatasi ilikuwa imebandikwa upya kwa uji wa ngano. Nikaibandua kwa ukucha. Ndani mlikuwa na hirizi ya kibati, imezungushiwa waya wa shaba na kufungwa imara juu ya waya wa kunasia mawimbi, ule mmoja uliotumika kwa redio zote mbili.

Uji ule wa ngano niliujua. Ni nyanya peke yake aliyeukoroga mwororo hivyo.

Nilimwonyesha mjomba. Akaitazama hirizi, akautazama mlango wa chumba cha mamake, akateremsha sauti. "Nani atakayemwambia kuwa kinga yake imeiziba redio masikio?"

Mimi sikuweza. Yeye pia hakuweza, na alikuwa na mvi. Tukaifungua kimyakimya, nikaitia mfukoni, tukarudi uwanjani. Nyeusi ikafika hatua sitini ikanyamaza. Mkebe wa biskuti ulisikia hadi mgongo wangu ukagonga mlingoti wa goli la pili, na kule mbali mkono wa mjomba bado unapanda na kushuka kama wa mtu anayefukuza nzi.

"Haya, chagua," akaniambia.

Nikaukumbatia mkebe.

Kesho yake asubuhi nyanya alijitanda buibui mapema, aje kutazama ndege ikiruka. Akaniita.

"Abee, nyanya."

"Mtaa huu una macho, mwanangu. Kitu kipaacho hakiendi hivihivi. Mimi nimeshakikinga, usiniulize vipi."

"Ahsante, nyanya. Kinga tutakuwa nayo."

Nikazunguka nyuma ya jiko, peke yangu. Nikaichomoa hirizi katika ule waya wa shaba, nikaipitisha uzi mweusi, nikaifunga juu ya kiwiko changu, ndani ya mkono wa gauni, fundo nikilivuta kwa meno.